Pikipiki Iliyolala Muda Mrefu: Jinsi ya Kuirudisha Barabarani

Usiipige kiki bado. Pikipiki iliyokaa mwaka mzima au zaidi bila kuwashwa ina oili iliyoshuka yote chini ya injini, na mara nyingi ringi za pistoni zimeshikwa na kutu kwenye ukuta wa silinda. Kiki moja ya nguvu inaweza kuvunja ringi, kukwaruza silinda au kung'oa meno ya gia ya kiki, na hapo kazi ya kusafisha inageuka kazi ya kufungua injini nzima.

Maelezo haya yanahusu pikipiki ndogo ya kawaida: silinda moja, mipigo minne, inayopozwa na hewa, yenye kabureta, ya cc 100 hadi 200. Kazi za breki, tairi na cheni ni zilezile hata kama pikipiki ni kubwa zaidi. Vipimo tunavyotaja ni vya jumla. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kabla ya kushika spana

Linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili. Namba iliyosagwa au isiyolingana ni sababu tosha ya kusimamisha kila kitu, kwa kuwa pikipiki ya namna hiyo hata ikiunguruma vizuri hutaiendesha kwa amani.

Kisha kagua vitu ambavyo gharama yake inaweza kuzidi thamani ya pikipiki. Kwanza ni fremu iliyopinda au iliyochomelewa karibu na shingo. Pili ni foku za mbele zilizopinda, yaani miguu miwili inayoshika tairi la mbele: zitazame ukiwa umesimama mbele, kisha pembeni. Tatu ni mpasuko kwenye bloku ya injini, hasa karibu na bolti ya kumwagia oili na upande wa sproketi ndogo, ambako cheni iliyokatika huwa inapiga. Hivyo vitatu vikiwa salama, karibu kila kilichobaki kinatengenezeka.

Piga picha kila sehemu kabla ya kuifungua. Weka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake.

Kuizungusha injini kwa mkono

Puliza uchafu uliozunguka plagi kabla ya kuifungua, maana mchanga ukidondokea ndani ya silinda utaila. Toa plagi, mimina mililita 5 hadi 10 za oili safi ya injini kwenye tundu lake, kisha acha ikae usiku mzima. Kesho yake weka gia ya juu kabisa, inua tairi la nyuma, ulizungushe kwa mkono taratibu. Ukiona pistoni inapanda na kushuka bila kukwama, umevuka kizingiti kikubwa.

Ikigoma, usilazimishe. Ongeza oili nyembamba ya kupenyeza, subiri siku nyingine moja au mbili, kisha isukume mbele na nyuma kidogokidogo. Ikiendelea kugoma baada ya hapo, vua kichwa cha silinda uone kinachoendelea ndani. Ni nafuu kununua gasketi mpya kuliko kununua silinda.

Tazama na plagi uliyoitoa, kwa sababu inakuonyesha injini ilikuwa inafanya kazi vipi kabla haijalazwa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba. Weupe na alama za kuungua ni dalili ya petroli kidogo au hewa inayoingia pasipotakiwa. Plagi iliyolowa oili inaonyesha kuwa ringi au sili za valvu zimechoka.

Oili: mwaga mara mbili

Oili ya zamani ina unyevu na asidi, kwa hiyo imwage kabla ya kuwasha. Weka beseni, fungua bolti ya chini, uiangalie inavyotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vipande vya chuma vinavyong'aa na kushikika kwa vidole vinaashiria beringi au gia iliyoharibika. Vumbi laini la chuma ni jambo la kawaida kwa injini iliyotumika.

Injini nyingi za aina hii zinabeba kati ya lita 0.8 na 1.2. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Sababu ni kwamba klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze. Wengi hulaumu klachi na kununua pleti mpya, kumbe tatizo ni chupa waliyomimina.

Oili ya kwanza iwe ya bei ya chini, kwa sababu kazi yake ni kusafisha. Baada ya injini kuunguruma na kupata moto, imwage, safisha kichujio cha wavu au badilisha filta ya oili, weka wosha mpya kwenye bolti ya chini, kisha ujaze oili utakayokaa nayo. Pima ukiwa umesimamisha pikipiki wima. Katika pikipiki nyingi kijiti cha kupimia kinaingizwa bila kukizungusha kwenye uzi wake. Ukikifunga kabisa kinazama zaidi, unasoma kiwango cha juu kuliko kilichopo, na injini inabaki na oili pungufu.

Tangi na petroli

Petroli iliyokaa miezi kadhaa inapoteza sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto haraka, na kuacha utando unaonata. Harufu yake inageuka kuwa kali na chachu, karibu na ya rangi ya mafuta. Imwage yote. Usiichanganye na mpya kwa kubana matumizi.

Fanya kazi hii nje, mbali na moto na cheche, na usivute sigara. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko tangi lililojaa.

Mulika ndani kwa tochi. Kama kuna kutu, vua koki ya mafuta na uzibe tundu lake, jaza siki nyeupe na uiache siku moja au mbili. Kutu ikiwa nene, weka na nati chache za chuma ulizozihesabu, tikisa, kisha uzihesabu tena zikitoka. Suuza kwa maji yenye vijiko vichache vya magadi ya kuokea ili kuua asidi, suuza kwa maji safi, kausha haraka kwa hewa ya moto, kisha zungusha petroli kidogo ndani yake saa hiyohiyo. Chuma kilichotoka kuoshwa kwa asidi kinashika kutu upya ndani ya saa chache kikiachwa na unyevu.

Safisha wavu wa koki, badilisha mpira wa petroli kama umekakamaa, na ongeza filta ndogo kati ya koki na kabureta. Hakikisha pia tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi liko wazi. Likiziba, pikipiki inakwenda kilomita chache, inazima, na ukifungua kifuniko unasikia hewa ikivutwa ndani, kisha inawaka tena vizuri.

Kabureta: hapa usiwe na haraka

Pikipiki nyingi zinazouzwa kwa maelezo kwamba "injini imekufa" zina kabureta iliyoziba tu. Kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwa nje hakusaidii. Ivue, uifungue mezani juu ya kitambaa cheupe ili kipande kidogo kikidondoka ukione.

Funga koki, mwaga petroli ya kwenye bakuli, legeza vibano vya mpira wa mbele na wa nyuma, vua kifuniko cha juu pamoja na slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta) na sindano yake. Kumbuka klipu ya sindano iko kwenye mfereji wa ngapi. Skrubu za bakuli huwa zimeng'ang'ana: chagua bisibisi inayojaa sawasawa kwenye kichwa, igonge mara moja kwa nyundo ndogo, kisha uzungushe. Kichwa kikishasagika, kazi ya dakika mbili inakula mchana mzima.

Ndani utakuta boya, na chini yake sindano inayofunga petroli. Sukuma pini ya boya taratibu, maana nguzo zake mbili zinavunjika kirahisi na hazichomeleki. Itazame ncha ya sindano hiyo: ukiona mfereji umejichora kuizunguka, ibadilishe, la sivyo petroli itafurika na kuvuja kwenye mpira wa chini.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze ndani polepole huku ukihesabu mizunguko hadi iguse bila kubanwa, kisha andika idadi hiyo. Mara nyingi ni kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Ukiitoa, angalia kama springi, wosha ndogo na kamba ya mpira vimetoka vyote. Kamba ya mpira hupenda kubaki ndani ya tundu, na dawa ikiifikia inavimba.

Sasa jeti, yaani vipande vidogo vyenye tundu la kupimia petroli. Ile kubwa huziba mara chache. Mchawi ni jeti ndogo, ya sailensa (mngurumo wa injini bila kuvuta mafuta), ambayo tundu lake ni chini ya nusu milimita. Itoe, uielekeze kwenye mwanga: unatakiwa kuona nukta ya mwanga yenye duara kamili. Ukiona giza au mwezi mwandamo, bado imeziba. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, kisha izibue kwa uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya laini wa umeme. Usitumie sindano ya kushonea wala waya wa chuma, kwa kuwa shaba ya jeti ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakunywa petroli bila mpango.

Puliza dawa kwenye kila njia ya ndani ya mwili wa kabureta, na ufuatilie inatokea wapi. Kila njia ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Vaa miwani, maana dawa hurudi usoni. Malizia kwa hewa ya kompresa.

Unaporudisha slaidi, sehemu iliyokatwa chini yake inatazama upande wa chujio la hewa, na mfereji wa pembeni unakaa kwenye pini yake. Ikikaa vibaya, waya wa mafuta (wa kuongeza mwendo) hautarudi, na injini itawaka ikiwa imevutwa. Kabla ya kuwasha, vuta mkono wa mafuta na uuachie mara kadhaa, usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Kila mara slaidi irudi chini kwa mlio wa kugonga.

Chunguza na mpira unaounganisha kabureta na injini. Nyufa zinazofika ndani zinaingiza hewa ya ziada, na hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoponya hilo. Chujio la hewa la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, lipake oili kidogo, ulikamue. Lile la karatasi likichafuka sana badilisha.

Tapeti

Kuseti tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka (mkono unaoisukuma), kunafanywa injini ikiwa baridi kabisa. Fungua vifuniko vya valvu na kifuniko kidogo cha pembeni kinachoonyesha gurudumu la sumaku. Zungusha injini mpaka alama ya T ilingane na mstari wa bloku. Katika hali hiyo roka zote mbili zinapaswa kucheza kidogo kwa vidole. Kama moja imebana, uko kwenye mzunguko usio sahihi, hivyo zungusha injini mara moja zaidi.

Nafasi ya kawaida kwa injini hizi ni milimita 0.05 hadi 0.10. Pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kati ya roka na valvu: ipite kwa kukwaruza kidogo. Legeza nati, rekebisha skrubu, kaza nati ukiwa umeishikilia skrubu, kisha pima upya, kwa kuwa kukaza nati mara nyingi kunabadilisha nafasi.

Tapeti iliyolegea inapiga kelele, na watu huikimbilia kwa sababu wanaisikia. Iliyobana iko kimya, na ndiyo mbaya. Valvu ya ekzosi isiyofunga kabisa inapitishiwa moto pembeni mwake mpaka inaungua, na mgandamizo unapotea.

Baada ya kuseti, pima mgandamizo. Kwa geji, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho na upige kiki mara kadhaa hadi mshale usimame. Injini yenye afya hutoa karibu bar 10 au zaidi, na ikiwa chini ya 7 kuna kasoro. Ongeza mililita 5 za oili kwenye silinda na upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimekwisha. Kisipobadilika, tafuta kwenye valvu au gasketi ya kichwa.

Cheche na umeme

Weka plagi mpya ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu, nafasi yake ikiwa milimita 0.6 hadi 0.8. Ivike kofia yake, ishikilie kwa koleo lenye mpira, kitako cha chuma kikigusa injini mbali na tundu la plagi, kisha piga kiki. Cheche inatakiwa iwe ya bluu na yenye sauti.

Usipoiona, anza na vya rahisi: swichi ya kuzimia, swichi ya stendi, fyuzi, kisha kofia ya plagi. Kofia inafunguka kwa kuizungusha. Kata nusu sentimita ya waya mpaka ukute shaba safi, kisha uirudishe. Baadaye pitia viunganishi vyote hadi kwenye koili na kisanduku cha CDI (kinachoongoza cheche), usugue kutu ya kijani, na usisahau waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu. Kununua CDI mpya kabla ya kusafisha viunganishi ni kupoteza pesa.

Usiipige kiki waya wa plagi ukiwa umening'inia hewani, kwa sababu umeme usiopata pa kwenda unaweza kuua koili au CDI.

Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma karibu 12.6 au zaidi. Ikiwa imelala chini ya 11 kwa miezi, kwa kawaida haifufuki. Ichaji kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya Ah 5 ipate ampea 0.5.

Kuwasha

Kwanza toa plagi, igusishe kwenye injini ikiwa na kofia yake, upige kiki taratibu mara ishirini hivi ili oili ipande juu. Rudisha plagi. Weka lita moja au mbili za petroli mpya, fungua koki, subiri bakuli lijae, vuta choki, piga kiki bila kuvuta mafuta.

Ikishika, moshi wa dakika za mwanzo usikutie hofu, maana ile oili uliyomimina kwenye silinda inaungua. Usiiache ikiunguruma imesimama zaidi ya dakika chache, kwani injini hii inahitaji upepo wa mwendo ili ipoe. Ikishapata moto, rekebisha sailensa iwe karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo hadi injini ikimbie zaidi, na ushushe tena sailensa. Skrubu iliyo upande wa injini inapima petroli: ukiifungua, petroli inaongezeka. Iliyo upande wa chujio inapima hewa: ukiifungua, petroli inapungua.

Ikiwaka kwa choki tu na kuzima ukiitoa, jeti ndogo bado imeziba au kuna hewa inayopenya kwenye mpira. Sailensa ikichelewa kushuka ukiachia mafuta, pulizia maji kidogo kwenye mpira huo: mngurumo ukibadilika, umepata ufa. Moshi wa bluu wa muda mfupi wakati wa kuwasha unatokana na sili za valvu. Ukiendelea hata ukivuta mzigo, ni ringi. Moshi mweusi ni petroli nyingi: kagua choki na chujio la hewa.

Klachi iliyolala muda mrefu inaweza kuganda pleti zake, ukabana mkono na pikipiki bado ikasukuma. Zima injini, ingiza gia, bana klachi, uitikise pikipiki mbele na nyuma hadi pleti ziachiane.

Breki, tairi na cheni kabla ya kutoka nje ya geti

Furaha ya injini kuwaka ndiyo inayowatoa watu barabarani na breki mbovu. Fungua dramu. Breki shuu yenye unene chini ya milimita 2 badilisha, hata moja ikiwa nzima. Iliyong'aa isugue kwa msasa kidogo tu mpaka mng'ao utoke. Vumbi lake lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize, kwa sababu ni hatari kwa mapafu. Paka grisi kidogo kwenye kamu, isifike kwenye shuu.

Kwa diski, badilisha mafuta ya breki yote kwa DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, na maji yakichemka ndani ya kalipa mkono wa breki unazama bila kushika. Funika tangi unapomimina, kwani yanakula rangi.

Tazama waya za breki na klachi zinapoingia kwenye mkono wake. Nyuzi hata mbili zilizokatika hapo zinatosha kuubadilisha waya wote.

Tairi linaweza kuwa na kashata (michoro ya kushika barabara) nzuri na bado likawa limekufa. Soma tarakimu nne zilizo mwisho wa alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokakamaa au wenye nyufa ubavuni uondoe, na badilisha tyubu pamoja nao. Inua kila tairi na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha.

Cheni ivute kutoka nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka mpaka nusu ya jino ionekane, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haidumu. Ulegevu wake katikati uwe milimita 20 hadi 30, upimwe sehemu kadhaa huku ukizungusha tairi. Klipu ya kiungo, upande wake uliofungwa utazame mwelekeo wa mwendo.

Safari za mwanzo

Zunguka kwanza mahali pasipo na magari, kwa mwendo mdogo, ukijaribu kila breki peke yake. Ukirudi, gusa vitovu vya magurudumu: kilichopata moto kuliko mwenzake kina breki inayokwaruza. Pima betri injini ikivutwa kidogo. Volti 13.5 hadi 14.5 zinaonyesha chaji iko sawa. Zaidi ya 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) imeharibika na itachemsha betri.

Baada ya kilomita 100 hivi, kaza upya bolti za injini, ekseli na ekzosi, pima cheni, safisha filta ya petroli kwa kuwa mabaki ya kutu ya tangi huwa yameshafika hapo. Tapeti zipime tena kwenye kilomita 500, injini ikiwa baridi, na oili imwage siku hiyohiyo hata kama bado inaonekana safi.